Karatasi ilisema ndege iko salama: kisa cha Charlotte, 2003

Karatasi ya mizigo ilisema ndege ina uzito wa pauni 17,028. Kikomo cha uzito wake wa kuruka kilikuwa pauni 17,120. Kwa hesabu hiyo zilibaki pauni 92, kilo 42 hivi, yaani mabegi mawili ya mwanafunzi anayerudi bweni. Kitovu cha uzito nacho, ile nukta ambapo mzigo wote unasawazika, kwa mujibu wa karatasi kilikuwa ndani ya mipaka. Ungempa karatasi ile mkaguzi yeyote duniani siku hiyo, angeisaini na kuendelea na chai yake.

Ndege yenyewe ilikuwa Beechcraft 1900D, injini mbili za panga boi, viti 19, mali ya kampuni ya Air Midwest iliyokuwa ikisafirisha abiria kwa jina la US Airways Express. Jumatano ya tarehe 8 Januari 2003, saa 2 na dakika 46 asubuhi, ilianza kukimbia kwenye barabara ya kurukia ya 18R ya uwanja wa Charlotte, North Carolina, kuelekea Greenville-Spartanburg katika jimbo jirani la South Carolina. Viti vyote 19 vilikuwa na watu. Rubani alikuwa mwanamke wa miaka 25, na msaidizi wake kijana wa miaka 27.

Magurudumu yalipoachana na lami, pua ilipanda kama kawaida. Kisha ikaendelea kupanda. Rubani akamwomba mwenzake msaada wa kusukuma usukani mbele, lakini pua haikushuka. Ilifika nyuzi 54 kutoka usawa wa upeo wa macho, pembe ambayo ndege ya abiria haina kazi nayo hata siku moja. Ilipofika kama futi 1,150 juu ya ardhi mwendo ulikuwa umekwisha, mabawa hayakuwa tena na hewa ya kuyabeba, na ndege ikaporomoka hadi kwenye kona ya hanga la matengenezo, ndani ya uwanja uleule. Tangu kuiacha ardhi mpaka kuirudia zilipita sekunde 37 tu. Wote 21 waliokuwa ndani walikufa, na mtu mmoja aliyekuwa chini alipata majeraha madogo.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, ilichukua mwaka mmoja na ushei kukichambua kisa hiki, ikatoa ripoti yake Februari 2004. Mimi hukirudia mara kwa mara ninapoulizwa kwa nini sisi mafundi wa ndege tunasumbuliwa na masomo ya uzito na urari, wakati wanaojaza karatasi ya mizigo ni wengine. Jibu langu huwa ni moja. Ule mstari wa kikomo kwenye karatasi ya rubani umechorwa kwa kuamini kwamba fundi amemaliza kazi yake.

Mkokoteni

Aliyewahi kusukuma mkokoteni wa magurudumu mawili pale Kariakoo au Marikiti ameshaielewa nusu ya somo. Magunia yakipangwa sawasawa juu ya ekseli, kijana mmoja mwembamba anasukuma nusu tani akipiga mluzi. Yakirundikwa mbele, mikono ya mkokoteni inataka kupaa naye. Yakirundikwa upande wake, analemewa mabega na kila hatua inakuwa adhabu. Uzito wote ni uleule, ila mahali ulipokaa ndipo panapoamua nani anamwendesha mwenzake. Wenye majahazi wanalijua hili tangu enzi za babu zao: shehena ikizidi tezi, omo inanyanyuka na chombo hakishiki njia.

Ndege nayo ni mkokoteni, ila ekseli yake ni hewa. Nguvu ya mabawa ndiyo inayobeba, na mzigo wote, kuanzia injini na mafuta hadi abiria na mabegi, una nukta moja ambayo ungeweza kuuning'iniza wote usiinamie upande wowote. Hiyo ndiyo inayoitwa kitovu cha uzito. Kitovu hicho kinatakiwa kikae mbele kidogo ya ekseli hiyo ya hewa, na mkia unakisawazisha kwa kusukuma chini. Rubani akivuta usukani, kibao cha nyuma ya mkia, eleveta, kinainuka, mkia unashuka, pua inapanda. Akisukuma, eleveta inashuka, mkia unapanda, pua inarudi chini. Ile mikono ya mkokoteni ndiyo eleveta, na haina mikono mingine ya akiba.

Kadiri kitovu kinavyosogea nyuma, ndege inakuwa nyepesi kuinua pua na ngumu kuishusha. Kuna nukta ambapo eleveta ikishushwa mpaka mwisho bado inaweza kuirudisha pua, na baada ya hapo haiwezi. Watengenezaji wanaitafuta nukta hiyo kwa majaribio, wanarudi mbele kidogo kwa usalama, wanachora mstari. Kwa Beech 1900D mstari wa nyuma ulikuwa asilimia 40 ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Karatasi ya asubuhi ile ilisema kitovu kiko asilimia 37.8.

Soma tena maneno haya: eleveta ikishushwa mpaka mwisho. Asilimia 40 ni ahadi inayotegemea eleveta kushuka kadiri mtengenezaji alivyosema inashuka. Mpunguzie eleveta mwendo, na ule mstari kwenye karatasi umeusogeza wewe bila kugusa kalamu.

Pauni za kwenye karatasi na pauni za watu

NTSB walipokusanya uzito halisi wa watu na mizigo, ndege ilitoka na kama pauni 17,700. Hiyo ni pauni 580 juu ya kikomo, zaidi ya kilo 260. Kitovu hakikuwa asilimia 37.8 bali 45.5, yaani kimeuvuka mstari kwa hatua ndefu.

Nani alidanganya? Hakuna. Marubani walifanya hesabu kwa utaratibu wa kampuni, na kampuni iliujenga utaratibu huo juu ya mwongozo wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA. Hakuna aliyepanda mizani. Mtu mzima wakati wa baridi alihesabiwa pauni 175, kilo 79 na kidogo, nguo zikiwa humo humo. Begi lililokabidhiwa lilihesabiwa pauni 25, kilo 11. Unahesabu vichwa, unahesabu mabegi, unazidisha, unajumlisha.

Siyo ujinga kutumia wastani. Kwenye ndege ya watu 300, mnene na mwembamba wanafidiana, mtoto na mwanamieleka wanakutana katikati, na kosa linalobaki ni dogo ukililinganisha na tani mia mbili za ndege nzima. Lakini viti 19 ni vichache mno kwa bahati ya namna hiyo. Harusi moja ya ukoo wenye miili ikipanda, au nusu ya timu ya raga, wastani wako hauna kazi tena. Na huo ni upande wa bahati tu. Kuna kosa jingine ambalo halifidiwi hata na watu elfu, nalo ni wastani wenyewe kuwa wa zamani. Ikiwa kila abiria anazidi makadirio kwa kilo 9, basi abiria wa pili hamfidii wa kwanza, anamwongezea. Kilo 9 mara 19 ni kilo 171, na bado hujagusa begi hata moja.

Ndivyo ilivyokuwa. Wiki chache baada ya ajali, FAA iliwaagiza waendeshaji wa ndege za viti 10 hadi 19 wapime abiria wao kweli kweli. Jibu lilirudi kwamba mtu wa kawaida alikuwa amezidi makadirio kwa zaidi ya pauni 20, na mabegi nayo yamezidi. Wamarekani walikuwa wamenenepa, na jedwali halikuwa na habari.

Uzito wa jumla peke yake haukuwa ndio muuaji. Ndege iliyozidi kwa asilimia tatu na kitu inakimbia mbali zaidi, inapanda kivivu, inachosha injini, lakini kwa barabara ndefu kama za Charlotte na asubuhi ya baridi, pengine ingefika. Tatizo lilikuwa mahali uzito ulipozidi. Kwenye 1900D chumba cha mizigo kiko nyuma ya abiria, kwenye kiuno cha mkia. Kila pauni ambayo begi limezidi makadirio inakaa kwenye mkono mrefu, mbali na ekseli.

Hesabu yake haina siri. Chukua uzito uliosogezwa, zidisha kwa umbali uliosogezwa, gawanya kwa uzito wa ndege nzima. Tuseme ndege ina kilo 7,700, nawe umetoa kilo 100 karibu na mabawa ukazipeleka mita 4 nyuma. Mia mara nne ni mia nne, gawanya kwa 7,700: kitovu kimerudi nyuma sentimita 5. Mtu anayeshinda na magari atacheka, sentimita tano ni nini? Kwa ndege ndogo, nafasi yote ya kitovu kutoka mstari wa mbele hadi wa nyuma mara nyingi haizidi urefu wa mkono wako kutoka kiwiko hadi vidole.

Hapa ndipo huwa namkumbuka dada wa kaunta kwenye viwanja vyetu vidogo. Yeyote aliyepanda Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, kutoka Arusha kwenda Serengeti, au kutoka Wilson kwenda Mara, anajua ile kanuni ya kilo 15 na begi laini lisilo na fremu. Na kuna siku anaombwa apande mizani yeye mwenyewe.

"Samahani mama, naomba usimame hapa kidogo."

"Kwani mimi nimekuwa gunia, mwanangu?"

Foleni inacheka, mama anapanda, namba inaandikwa kimyakimya. Baadaye rubani anakuja na kusema, baba, wewe njoo ukae hapa mbele na mimi. Mzee anadhani kapewa heshima. Heshima ipo, lakini ndani yake kuna kilo 110 zilizokuwa zinaelekea mkiani. Wengi huona haya kuhusu ile mizani. Mimi nikiikosa ndipo ninapopata wasiwasi.

Usiku wa Huntington

Sasa twende kwenye nusu ya pili, ambayo ni ya kwetu, watu wa hanga.

Usiku wa tarehe 6 Januari ndege hiyohiyo ilikuwa kwenye matengenezo Huntington, West Virginia. Air Midwest haikuwa na mafundi wake pale. Kazi ilipewa kampuni nyingine, nayo ikachukua mafundi kutoka kampuni ya tatu. Katika ukaguzi wa usiku ule ilibidi kupima ukazo wa kebo za eleveta. Kebo hizi ni nyaya za chuma zinazotoka kwenye usukani, zinapita chini ya sakafu kwenye kapi, mpaka mkiani. Kazi ya kuzikaza inaonekana nyepesi kwa asiyeijua. Kuna kifaa unachobana kwenye waya, kinakupa namba, unaiangalia kwenye jedwali pamoja na joto la siku hiyo, maana mwili wa ndege ni wa alumini na kebo ni ya chuma, navyo havitanuki sawa. Namba ikiwa ndogo, unazungusha skrubu za kukazia, upande huu na upande ule, mpaka ukazo ufike.

Hiyo "upande huu na upande ule" ndiyo roho ya kazi. Kebo ziko mbili: moja inainua eleveta, nyingine inaishusha. Ukikaza moja zaidi ya nyingine, ukazo utasoma vizuri kabisa kwenye kifaa, lakini utakuwa umehamisha katikati ya mfumo mzima. Eleveta itagota mwisho upande mmoja mapema. Ni kama kufupisha kamba moja ya tanga: zote mbili zimenyooka, lakini foromali imekwenda mshazari.

Fundi aliyepewa kazi hiyo hakuwahi kuifanya kwenye 1900D. Alikuwa anafundishwa kazini na mkaguzi wa ubora, mkaguzi huyohuyo ambaye baadaye angeikagua kazi na kuisaini. Kitabu cha matengenezo kilikuwa na utaratibu mzima wa kurekebisha mfumo wa eleveta. Wao walichagua hatua walizoona zinahusika na ukazo, nyingine wakaziruka. NTSB iliandika kwamba miongoni mwa zilizorukwa ilikuwemo hatua moja muhimu ambayo, kwa uwezekano mkubwa, ingelionyesha kosa. Hakukuwa na sharti la kufanya jaribio kamili la mfumo mwishoni: mmoja akae kwenye usukani, mwingine asimame mkiani na kipimo cha pembe, asukume mpaka mwisho, avute mpaka mwisho, namba ziandikwe. Dakika chache za kazi.

Ndege ilitoka Huntington na eleveta inayoinuka vizuri kabisa. Kushuka ilikuwa imebakiwa na nusu ya mwendo wake, nyuzi 7 hivi badala ya 14.

Nimewahi kusikia mafundi wakimlaani yule kijana. Mimi siwezi. Nani kati yetu hajawahi kufundishwa kazi usiku, na mkubwa wake akimwambia hiyo sehemu achana nayo, haihusiki? Ninachokikataa ni mkufunzi na mkaguzi kuwa mtu mmoja. Aliyekuelekeza uruke hatua hawezi kukukamata kwa kuiruka. Macho yake tayari yameikubali. Jicho la pili lina maana pale tu linapokuwa la mtu ambaye hakuwepo.

Safari ya kumi

Baada ya Huntington ndege iliruka mara tisa, ikatua mara tisa. Hakuna rubani aliyelalamika. Hilo ndilo linalowashangaza wengi, nami lilinisumbua mpaka nilipochora mkokoteni kwenye karatasi.

Katika kuruka kwa kawaida, kitovu kikiwa mbele kidogo, rubani anahitaji eleveta iinuke. Anavuta. Upande wa kuvuta ulikuwa mzima. Upande uliokatwa nusu ni wa kusukuma mpaka mwisho, na siku ya kawaida hakuna anayesukuma mpaka mwisho. Unaweza kuishi mwaka mzima kwenye nyumba ambayo mlango wa dharura umepigwa misumari. Marubani hujaribu usukani kabla ya kuruka, lakini mkia wa 1900D uko juu nyuma yao, hawauoni, na NTSB ilikubali kwamba mabadiliko yale hayakuwa wazi kwa mtu aliyekaa mbele.

Safari ya kumi ilijaa abiria na mabegi, na kitovu kikaenda asilimia 45.5. Kwa mara ya kwanza tangu usiku wa Huntington, ndege ikahitaji kitu kilekile ilichonyang'anywa. Kosa la uzani lilidai eleveta ishuke sana, na kosa la hanga lilikuwa limeiondoa sehemu hiyo. Yangekuwa yameelekea pande tofauti, kwa mfano kebo ikate upande wa kuinua na mzigo uzidi nyuma, asubuhi ile pengine ingekuwa na hadithi nyingine.

Ndiyo maana NTSB haikutaja sababu moja. Iliandika kwamba ndege ilipoteza udhibiti wa pua kwa sababu ya eleveta iliyofungwa vibaya, na hali hiyo ikazidishwa na kitovu cha uzito kilichokuwa nyuma sana ya kikomo. Kisha ikawataja waliochangia: kampuni kutosimamia kazi iliyokuwa ikifanyika Huntington, taratibu zake za matengenezo na nyaraka zake, programu yake ya uzito na urari, mkaguzi kutoliona kosa, makadirio ya FAA, na FAA yenyewe kutoisimamia kampuni vya kutosha.

Kabla sijaendelea, niseme kidogo kuhusu kupima ndege tupu, maana hapo ndipo fundi anapoonekana kwenye karatasi ya rubani waziwazi. Namba ya kwanza kabisa kwenye hesabu yoyote ya mizigo ni uzito wa ndege tupu na kitovu chake. Namba hiyo tunaitoa sisi. Ndege inaoshwa, mafuta yanatolewa, vifaa vinahesabiwa kimoja kimoja dhidi ya orodha, ndege inasawazishwa isiiname, inakaa juu ya mizani tatu. Milango ya hanga inafungwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini tunajifungia na joto lote lile. Nikamwambia afungue mlango, aitazame mizani. Upepo mdogo ukaingia, namba zikaanza kucheza: bawa ni bawa hata likiwa limeegeshwa, likipitiwa na hewa linanyanyua.

Tuseme mizani ya mbele imesoma kilo 400, nayo iko mita 1 kutoka datamu, ile nukta ya rejea ambayo mtengenezaji kaichagua. Za nyuma mbili zimesoma kilo 1,000 kila moja, ziko mita 4. Zidisha kila uzito kwa umbali wake: 400, na 8,000. Jumla 8,400. Gawanya kwa kilo 2,400 zote, unapata mita 3.5. Hapo ndipo kitovu kilipo. Sasa mwezi ujao ndege inagongwa mkiani na ngazi, unaziba kwa bati na ribiti, unapaka rangi, vyote pamoja kilo 10, mita 10 kutoka datamu. Ongeza mia moja juu, ongeza kumi chini: 8,500 kwa 2,410. Kitovu kimehamia mita 3.527, yaani sentimita 2.7 nyuma. Kiraka kimoja! Usipokiandika, kila karatasi atakayojaza rubani kuanzia siku hiyo itakuwa imekosea, na yeye hana njia ya kujua.

Yaliyofuata

Waendeshaji wa Beech 1900 waliagizwa kupima mwendo wa eleveta za ndege zao. Mwaka 2004 FAA ilitoa mwongozo mpya: mtu mzima pauni 190 kiangazi na 195 wakati wa baridi, pamoja na mzigo wake wa mkononi, na begi lililokabidhiwa pauni 30. Mwaka 2019 ikatoa mwingine, ambao hauwapi tena kampuni namba moja ya kudumu ya kuegemea, unawataka watumie takwimu za karibuni au wapime wenyewe. NTSB ilipendekeza pia mifumo nyeti ya kuongozea ndege ijaribiwe yote baada ya kuguswa, na aliyemfundisha fundi kazi asiwe ndiye anayeikagua. Mwaka 2005 Air Midwest iliomba radhi hadharani mbele ya familia za marehemu, jambo ambalo kampuni za ndege na mawakili wao hulikwepa kama ukoma.

Kwetu huku makadirio ya aina hiyo yana sura nyingine. Tarehe hiyohiyo, 8 Januari, miaka saba nyuma, mwaka 1996, Antonov An-32 iliyojazwa kupita kiasi ilishindwa kuiacha barabara ya uwanja wa N'Dolo, Kinshasa, ikaingia kwenye soko la Simbazikita lililojaa watu, ikaua mamia. Pale Kinshasa kilichozidi kilikuwa mzigo wenyewe. Charlotte palikuwa na karatasi, sahihi na mihuri, na ndiyo maana naona kisa cha Charlotte ndicho kinachomfaa zaidi fundi mwangalifu anayejiamini.

Kuna kitu kimoja kwenye ripoti ambacho hakinitoki. Kisanduku cheusi cha ndege ile kilikuwa kinarekodi mahali usukani ulipo, mbele au nyuma, sekunde kwa sekunde. Wachunguzi walipokifungua na kurudi nyuma safari moja baada ya nyingine, waliona mstari wa usukani unakwenda mahali pake pa siku zote mpaka matengenezo ya Huntington, kisha unaruka kidogo pembeni na kubaki hapo. Safari ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya tisa, kisanduku kiliandika kosa lile waziwazi, na kikaendelea kuliandika safari ya kumi mpaka kwenye kona ya hanga.